Dawa ya Wiki Nane

Siku mkono ulipomkatalia, Sindano alikuwa ndani ya kibanda cha kreni, mita arobaini kutoka ardhini, na kwenye ndoano yake palining'inia shehena ya matofali mia tatu. Alikuwa akiishusha kwenye orofa ya pili ya jengo la stesheni. Waashi wawili walishasogea kuipokea.

"Shusha, shusha. Taratibu, taratibu," sauti ya Kasuku ilikuja redioni. Kasuku alikuwa mpiga ishara wake, macho yake ya chini. Jina hilo alipewa kwa sababu kila neno alilisema mara mbili, hata akiagiza chai.

"Simama, simama."

Kusimamisha kreni ile si kazi: ukiuachia wenzo wa kuendeshea tu, yenyewe husimama. Sindano akataka kuuachia. Vidole vikakataa. Vilikuwa vimejikunja kuuzunguka wenzo kama makucha ya ndege kwenye tawi, kidole gumba kimezama kiganjani, mshipa wa mkono umesimama kama kamba ya kuvutia ng'ombe. Na matofali yanashuka.

"Simama, simama! Dada, simama!"

Akakibamiza kitufe chekundu kwa mkono wa kushoto. Mzigo ukasimama ghafla, ukayumba, ukatulia. Mmoja wa waashi akanyoosha mkono akaligusa tofali la chini kabisa. Hakuhitaji hata kunyanyua kisigino.

"Breki imeshtuka," Sindano alisema redioni.

"Breki, breki?" Kasuku aliuliza.

Sindano alikuwa na miaka arobaini na minane. Alianza kazi za ujenzi akiwa mfunga mizigo, yule anayezungusha minyororo na kukaguliwa na kila mtu, akapanda ngazi ya kreni baada ya miaka sita ya kuomba. Jina lake la nyumbani lilibaki kwenye makaratasi tangu siku aliyoteremsha nguzo ya chuma katikati ya vyuma vinne vilivyosimama, bila kugusa hata kimoja, na fundi mmoja akapiga kelele kwamba huyu mama anatunga uzi kwenye sindano. Waliomcheka alipoanza ndio waliomwita hivyo kwa heshima. Tena kampuni ilikuwa imemteua yeye kwa kazi kubwa kuliko zote za mradi ule: baada ya wiki kumi, reli ingefungwa kwa dakika tisini, na yeye angelinyanyua daraja la waenda kwa miguu, chuma kizima cha tani kumi na moja, alipitishe juu ya njia za treni na kulikalisha kwenye nguzo zake.

Jioni hiyo Kasuku alimsubiri chini ya ngazi, kofia ya kazi mkononi.

"Dada, breki ina kitabu chake. Kesho fundi atakifungua, na breki haisemi uongo."

"Unataka kusema nini?"

"Kitufe ulikipiga kwa kushoto. Nimekutazama miaka saba, hupigi kitu kwa kushoto." Akashusha sauti. "Wale waashi wana watoto. Nakupa mpaka kesho saa sita mchana. Usipomwambia Bwana Rula, nitamwambia mimi. Na unanijua, nitamwambia mara mbili."

Sindano hakujua acheke au amtukane. Alikwenda zake nyumbani, na njia nzima mkono wa kulia aliuficha mfukoni kama kitu cha wizi.

Ukweli ni kwamba mkono huo haukuanza siku ile. Kwa mwaka mzima miguu yake ilikuwa ikikaza usiku hadi akaamka akiuma shuka. Kope la jicho lilicheza lenyewe. Vidole vilikufa ganzi. Yeye alisema ni umri. Bintiye, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye, alisema ni ngazi ya kreni. Jirani alisema ni upepo wa juu. Kila mtu alikuwa na jibu, na jibu la bure halina wa kulikataa. Dawa yake ilikuwa vidonge vya maumivu, viwili asubuhi na viwili jioni, na maisha yakaendelea.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya saa nne, alisimama mbele ya meza ya msimamizi. Huyu ndiye Bwana Rula, mtu mrefu mkavu, aliyeitwa hivyo kwa ile rula ya chuma isiyotoka mfuko wa shati lake. Sindano alimweleza yote bila kupamba. Msimamizi alisikiliza, akatoa kiganja.

"Ufunguo."

"Bwana, nimekwambia mwenyewe, sijafumaniwa."

"Ndiyo maana nakuomba ufunguo na sikufukuzi kazi. Lete."

Akautoa. Kipande kile cha chuma kilikuwa kimekaa kwenye mkufu shingoni mwake miaka saba, na kilipotoka alihisi shingo nyepesi kwa namna asiyoipenda.

"Na daraja?"

"Nitatafuta mwendeshaji wa kukodi. Ukirudi na karatasi ya daktari kabla ya siku hiyo, tutazungumza. Bila karatasi, hata ngazi usiiguse."

Kwenye zahanati, daktari alikuwa kijana mpole mwenye foleni ndefu nje ya mlango. Alimpima presha, akampima sukari, akamgonga magoti kwa nyundo ndogo, akauliza, "Mama, unatumia dawa gani?"

"Ya presha, ile inayonipeleka chooni. Na za maumivu mara moja moja."

Vipimo vya kwanza vilirudi safi. Daktari alikuna kidevu, akasema atamwandikia barua aende kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu, miadi ni miezi mitatu. Sindano alihesabu kichwani: daraja litakuwa limekwisha kalishwa, tena na mtu wa kukodi. Alitoka na barua yake kama aliyepewa tanzia.

Alipitia dirisha la dawa kuchukua vidonge vyake vya presha. Mfamasia alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, mwenye tabia ya kutokuachia mfuko wa dawa mpaka amalize maswali yake.

"Mbali na hivi, mama, unameza nini kingine? Hata cha dukani. Hata cha kuazima."

"Hakuna. Labda vile vya kiungulia, lakini hivyo si dawa."

Mfamasia akauvuta mfuko nyuma.

"Si dawa, ni peremende?"

"Nina maana ni vya kawaida tu. Nameza kila siku, havijawahi kunidhuru."

"Tangu lini?"

Sindano akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. "Nenda nyumbani," mfamasia alisema, "fungua droo, kabati, mkoba, chini ya mto. Kila unachokimeza kitie kwenye mfuko uniletee leo hii. Nafunga saa kumi na moja. Nitakungoja."

Sauti ile haikuwa ya kumbembeleza mtu. Sindano alikwenda.

Saa kumi alimwaga mfuko kwenye kaunta. Vikatoka vidonge vya presha, vya maumivu vya rangi tatu, na maboksi ya kapsuli za kupunguza asidi ya tumbo: maboksi kumi na tisa, mengine matupu, mengine nusu. Ndani ya boksi la chini kabisa, lililochakaa hadi maandishi kufutika, mlikuwa na karatasi ya daktari iliyokunjwa mara nne. Mfamasia akaivaa miwani, akaisoma kwa sauti.

"Kapsuli moja asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Wiki nane. Kisha arudi kwa daktari." Akatazama tarehe, akamtazama Sindano. "Hii ni ya miaka mitano iliyopita."

"Zilinifaa."

"Ulirudi?"

"Ningerudi kufanya nini, nami nimepona?"

Hapo ndipo hadithi yote ilipotoka, hapo kwenye kaunta, mbele ya mizani ya watoto wachanga. Mwaka ule kifua kilikuwa kikimwaka moto kila akiinama. Daktari mmoja akamwandikia kapsuli, na ndani ya siku nne moto ukazimika kama uliomwagiwa ndoo. Wiki nane zilipokwisha aliogopa kuuamsha. Muuzaji wa duka la dawa mtaani kwake aliomba karatasi mara ya kwanza, mara ya pili hakuomba, mara ya tatu alikuwa akimwona tu mlangoni mkono ushafika kwenye rafu. Mwaka wa mwisho kiungulia kilirudi kwa nguvu, basi akaongeza: moja asubuhi, moja mchana, moja usiku, mara nyingine baada ya kula, mara nyingine akaifungua kapsuli na kuimimina kwenye chai ya moto kwa sababu ilimkwama kooni.

Mfamasia alisikiliza bila kukatiza. Kisha akachukua kalamu, akachora duara nyuma ya bahasha.

"Mama, unaendesha nini kazini?"

"Kreni."

"Basi utanielewa. Kapsuli hizi ni dawa nzuri, wala sikutishi. Zimeponya vidonda vya watu wengi. Lakini ukizitumia miaka bila mtu kukuangalia, kuna wengine tumbo lao hushindwa kuchukua madini fulani kutoka kwenye chakula. Yanaitwa magnesiamu. Misuli ikiyakosa, hukaza. Sasa hii ya presha yako, inayokupeleka chooni, nayo humwaga madini hayohayo kwenye mkojo. Huku mlango wa kuingilia umebanwa, huku wa kutokea uko wazi."

Akaweka nukta kwenye duara. "Misuli ikikaza, unameza hizi za maumivu. Hizi hulichuna tumbo. Tumbo likichunwa, kiungulia kinarudi. Kikirudi, unaongeza kapsuli. Ukiongeza kapsuli..." Kalamu ikazunguka, ikazunguka tena, mpaka karatasi ikatoboka.

Sindano alilitazama tundu lile. Mtu aliyejivunia kujua uzito wa kila kitu kinachopita kwenye ndoano yake alikuwa hajui uzito wa kitu kinachopita kooni mwake mara tatu kwa siku.

"Mimi nakisia," mfamasia alisema. "Wa kuthibitisha ni damu yako." Akanyanyua simu.

Daktari kijana alikuwa bado hajaondoka. Alishuka mwenyewe, akaangalia ule mlima wa maboksi, akashika kiuno. "Na mimi nilipaswa kukuuliza vizuri zaidi," alisema. Sindano alimpenda kwa neno hilo. Wakamchukua damu palepale. Kesho yake saa tatu simu ililia: magnesiamu ilikuwa chini sana, aje haraka, asije peke yake.

Alilala zahanati siku mbili, dripu mkononi. Siku ya pili jioni kope la jicho lake liliacha kucheza, na alikaa kitandani akilisubiri licheze tena, kama mtu aliyezimiwa redio ya jirani ghafla. Daktari alimbadilishia dawa ya presha. Za maumivu akazipiga marufuku. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Hizi kapsuli tutaziondoa, lakini kwa mpangilio. Tumbo lako limekandamizwa miaka mitano kama springi. Ukiliachia kwa mpigo, litaruka. Tutashuka kidogo kidogo kwa wiki mbili, na nitakupa dawa ya aina nyingine ya kuziba pengo. Tena nataka kwanza tukuingize kamera tumboni tuone kama kuna kidonda. Wapo watu wanaopaswa kuendelea nazo kwa muda mrefu, na kuwaachisha ni kuwaua. Sijui bado kama wewe ni mmoja wao. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," alisema Sindano, na alikuwa amemwelewa kila neno.

Lakini kuelewa ni kimoja na kichwa ni kingine. Alipofika nyumbani akayaona yale maboksi, aliyorudi nayo siku ile ya kaunta, hasira ikampanda. Miaka mitano amechezewa na vitu vyenye ukubwa wa punje ya haragwe! Akayakusanya yote, na ile dawa mpya aliyopewa ya kushukia akaijumlisha humohumo, akayapeleka kwenye pipa la taka la mtaa na kusimama pale mpaka gari likayachukua.

"Mama, daktari si alisema..." bintiye alianza.

"Mimi nikisema basi, ni basi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu guu lake lilikuwa tumbo. Siku ya kwanza ilipita vizuri, akajiona shujaa. Siku ya pili moto ulianzia chini ya mbavu. Siku ya tatu ulifika kooni, mchungu kama nyongo, akashindwa kulala chali, akashindwa kulala ubavu, akamalizia kukaa wima kwenye kiti cha cherehani huku bintiye akimpepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia nguo.

"Unajua unanikumbusha nani?" bintiye aliuliza. "Mimi nilipokuwa darasa la tatu, nilivyotupa miwani kwa sababu sikutaka kuonekana nayo."

"Nyamaza."

"Ulinichapa."

"Nimesema nyamaza." Kisha akamgeukia, "Nilikuchapa sana?"

"Kidogo. Kesho nakupeleka."

Dirishani kwa mfamasia alifika ameinamisha kichwa. Mfamasia alimtazama mara moja tu.

"Umezitupa."

"Nimezitupa."

"Zote?"

"Mpaka boksi."

Mfamasia akacheka hadi miwani ikadondoka puani, si kicheko cha kudharau. "Wewe wa nne mwezi huu, mama. Mwanzo watu hawataki kuzitumia, kisha hawataki kuziacha, kisha wanataka kuziacha leo. Njoo ndani ukae. Hujaharibu kisichotengenezeka."

Safari hii Sindano alifanya kama anavyofanya kazini: hakuna hatua bila ishara. Bintiye alichora ratiba kubwa kwenye karatasi ya kukatia nguo, akaibandika ukutani juu ya meza ya chakula. Kapsuli moja alfajiri, nusu saa kabla ya kula, imezwe nzima, kwa maji. Kisha siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kisha basi. Magnesiamu kwa saa zake. Chakula cha jioni mapema, na mto wa pili kichwani. Kila alichomeza alikipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Kamera ilipoingia tumboni haikukuta kidonda, ila wekundu kidogo wa zile dawa za maumivu, na daktari akasema wekundu huo utaondoka. Kila wiki damu yake ilipimwa. Kila wiki namba ilipanda, na Kasuku alipigiwa simu kuambiwa namba hiyo, na Kasuku akairudia mara mbili.

Kiungulia kilimtembelea mara mbili tatu katika zile wiki mbili za kushuka, kikabisha hodi, kikakuta dawa nyingine imekaa mlangoni. Wiki ya tano alilala usiku mzima. Aliamka akashika kigimbi cha mguu, akakibonyeza, kilikuwa laini kama unga uliokandwa. Akamwamsha bintiye amwonyeshe.

"Mama, ni saa kumi na mbili."

"Bonyeza!"

Wiki ya nane daktari aliandika karatasi. Sindano aliikunja mara moja tu, isichakae, akaenda nayo moja kwa moja hadi meza ya Bwana Rula.

Msimamizi aliisoma yote, akaigeuza akasoma na nyuma palipokuwa patupu. Kisha akatoka nje, na Sindano akamfuata. Akaagiza pipa, akalijaza maji mwenyewe kwa mpira mpaka maji yakavimba juu ya ukingo. Akachora duara la chaki upande wa pili wa uwanja, akaweka alama ya msalaba katikati.

"Lizungushe mnara mzima, uliweke hapo. Likimwagika, simwiti mtu mwongo, lakini yule wa kukodi ataanza kesho."

Mafundi waliacha sepetu zao. Waashi wawili wa siku ile nao walikuwepo, mikono kifuani. Sindano alipewa ufunguo wa akiba, wa jaribio tu, akapanda ngazi. Mapafu yalilalamika, miguu haikulalamika. Aliketi, akaweka mkono wa kulia kwenye wenzo, akavifungua vidole, akavifunga, akavifungua.

"Nipo, nipo," Kasuku alisema redioni.

Pipa likaondoka ardhini kama mtu anayeamka bila kutaka kumsumbua mwenziwe. Likapanda, likazunguka, likapita juu ya mchanga, juu ya nondo, juu ya paa la stoo. Upepo ulipolisukuma aliusubiri upite. Likashuka. Chini kulikuwa kimya kiasi kwamba alisikia pipa likigusa saruji kupitia redio ya Kasuku.

Bwana Rula alipiga goti, akatoa rula yake, akapima kutoka ukingo wa pipa hadi chaki, pande nne. Akagusa saruji kuzunguka pipa kwa kiganja. Kikavu.

"Milimita nne," alitangaza. "Zamani ungeweka mbili." Akasimama, akatoa mfukoni ule ufunguo wa mkufu, akampa Kasuku. "Mpelekee huko huko juu. Asishuke, kuna nondo za kunyanyua."

Uwanja mzima ukalipuka. Mwashi aliyeligusa lile tofali alipiga mbinja ndefu, na Sindano, peke yake juu kule, alilia kidogo kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwona.

Wiki mbili zilizofuata yule mfamasia alipata wateja asiowategemea. Bwana Rula aliagiza kwamba kila anayepanda mashine au kuipigia ishara aende zahanati na mfuko wa kila anachomeza. Kasuku mwenyewe alikutwa na kapsuli za miaka miwili, alizopewa na shemeji yake. Alipotoka alisema, "Nimeambiwa nisizitupe, nisizitupe," na watu wakashika mbavu.

Siku ya daraja ilikuwa Jumapili asubuhi, jua limetoka lakini halijawa kali. Saa moja kamili njia za treni zilifungwa. Bintiye Sindano alikuwepo nyuma ya uzio pamoja na mfamasia, aliyekuja amevaa gauni la kutokea kana kwamba ni harusi. Daraja lilikuwa limelala kando ya reli, limepakwa rangi mpya, matundu ya bolti tayari. Upande huu matundu manane, upande ule manane, na kila bolti ilikuwa na nafasi ya kidole kidogo tu.

"Nyanyua, nyanyua."

Mnara ukaguna kwa uzito. Sindano alihisi tani kumi na moja zikimpandia kupitia kiti, kupitia mgongo, mpaka kwenye kiganja. Chuma kikatoka ardhini, kikaning'inia sawasawa, na kivuli chake kikatambaa juu ya kokoto, juu ya reli ya kwanza, juu ya ya pili.

Katikati ya njia upepo ukaja. Haukuwa mkubwa, lakini daraja ni kama tanga, likaanza kugeuza pua. Wafunga mizigo wakazikamata kamba za pembeni, visigino vikichimba kokoto. Redioni Bwana Rula aliingilia, "Rudisha! Rudisha, tutajaribu tena!"

Kurudisha kungekula dakika arobaini. Zilikuwa zimebaki hamsini na moja. Sindano aliangalia kipima upepo: kilikuwa chini ya mstari mwekundu, na kinashuka.

"Bwana, upepo uko ndani ya kipimo, tena unalegea," alisema kwa utulivu. "Naomba dakika mbili nisimame hapa nilishike. Ukizidi, narudisha bila kukuuliza."

Redio ikakwaruza. "Mbili."

Akashika. Wenzo wa kulia hakuugusa kwa kuukaba, aliupumzisha kiganjani tu. Dakika ya kwanza vidole vyake vililala pale vyote vitano, vikiwa vyake. Alisubiri woga, woga haukuja. Dakika ya pili daraja likaacha kugeuka, likatulia kama mnyama aliyechoka kuvuta kamba.

"Endelea," alisema Bwana Rula.

"Shusha, shusha. Kidogo, kidogo. Unywele, unywele." Bolti ya kwanza ikaingia. Ya pili. Upande wa pili fundi akainua kidole gumba, kisha mwingine, kisha mwingine, vidole vikasimama msururu mzima. "Kumi na sita, dada! Kumi na sita! Limekaa, limekaa!"

Kofia zikaruka hewani. Bwana Rula, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akikimbia, alikimbia. Dakika ishirini na tatu zilikuwa bado zimebaki.

Sindano alizima mashine, akashuka ngazi hatua kwa hatua bila kupumzika. Chini walimvamia. Bintiye alimkumbatia shingo, mfamasia akamkamata mkono wa kulia, akaugeuza juu chini akiukagua kama bidhaa, akaupiga busu. "Mama wa maboksi kumi na tisa!" alisema.

"Usiwaambie watu!"

"Umenifanya nije kazini kwako Jumapili, nitawaambia wote."

Wakati huo njia ikafunguliwa, na treni ya kwanza ikajitokeza kwenye kona, polepole, kwa sababu dereva alikuwa ameonywa. Alipoliona lile daraja jipya juu yake, na umati uliovaa kofia za njano ukishangilia kando ya reli, alivuta honi, akaivuta tena, akaing'ang'ania mpaka mabehewa yote yakapita chini ya chuma kile. Abiria walitoa vichwa madirishani wakapunga mikono bila kujua wanampungia nani.

Sindano aliinua mikono yake yote miwili juu kabisa, vidole vimetanuka, akawapungia hadi behewa la mwisho.